Sauti Yako Haikushuka, Shangazi

Shangazi Maimuna,

Nimekukosea, na kosa lenyewe nililijua ungali hai. Sikukwambia. Nakwandikia sasa kwa sababu Rukia, mwanao, amenitaka jambo, na jambo hilo nikilifanya kimya kimya hakuna mtu atakayejua milele kwamba nilikukosea. Naona nianze kwako.

Jumapili alinipigia simu. Salamu, hali ya watoto, hali ya mguu wangu, kisha akasema, "Kaka Athmani, ile nyimbo uliyomrekodi mama, ifute. Mwenyewe hakuipenda. Sitaki watu wabaki na sauti yake mbovu." Akataka nifute iliyo kwenye kompyuta, na kama kuna mtu nimempa, nimwambie naye afute. Nikajibu, "Inshallah." Nilikuwa nimesimama stoo na kompresa ya friji mikononi, na mteja aningoja.

Huku kwetu hali ni hivi. Ukumbi wako Rukia ameupaka chokaa upya. Kunguru wa dirishani bado ni walewale, hawana adabu. Zuhura ndiye anayewaongoza kina mama kuimba harusini siku hizi, na kila Alhamisi baada ya alasiri wanakuja kwako kukusomea Yasini, wote, hakuna aliyekatika. Saida wangu amejifungua mtoto wa kike. Hakupewa jina lako. Mumewe alikuwa na jina lake tayari. Nakwambia mimi usije ukalisikia kwengine.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Wajua nilivyoanza mambo ya studio. Wakati wa korona kazi ya stoo ilipopungua, nilinunua kompyuta ya mtumba na maikrofoni, nikatundika magodoro ukutani pale kwangu ghorofani Buxton, nikajifunza kwa kutazama video. Skuli niliishia fomu foo, na hesabu ilikuwa ya kuvutwa kwa kamba. Lakini barazani wakaanza kuniita Prodyuza, nami nikaitika. Hapo ndipo ilipoanzia. Mtu akishaitika jina, hataki tena kuonekana hajui.

Saida alipochumbiwa alisema hataki mtu mwengine wa kumwimbia ila wewe. Nikasema basi nyimbo yako ya kumtoa bi harusi niirekodi kabisa, ibaki. Kinanda, fidla na dumbaki nilivirekodi kwangu. Wewe magoti yalikuwa hayakuruhusu kupanda ngazi za Buxton, kwa hivyo nikaazima rekoda ndogo kwa jirani yangu Mutua, yule Mkamba anayepiga video za harusi, nikakufuata nayo kwako Kibokoni.

Siku ile naikumbuka vizuri. Nilifunga madirisha na kuzima panka ili mvumo usiingie. Ukaniambia, "Athmani, wataka kunirekodi ama kunikaanga?" Mkokoteni wa maji ukapita chini, tukasimama kungoja, ukasema hamali naye tumwache aingie, pengine ana sauti nzuri kukushinda. Ulikuwa umevaa vile vidude vya masikioni juu ya mtandio, ukivisikiliza vyombo kutoka kwenye simu yangu, na kidole chako kinapiga hesabu kwenye goti. Ukaimba.

Nami nikakukatiza. Nikakwambia, "Shangazi, toa sauti, haisikiki." Ilikuwa inasikika. Mimi ndiye niliyeipunguza rekoda kupita kiasi, nikiogopa ukipanda juu sauti itapasuka. Tena nilikuwa nimeiweka biti kumi na sita badala ya ishirini na nne, ili kadi isijae haraka. Maana yake ni hii: mashine hupima ukubwa wa sauti kwa vidato, kama ngazi. Biti zikiwa chache, vidato ni vichache na vipana, na sauti ndogo yapata vidato viwili vitatu tu vya kukanyaga. Baadaye ukiinyanyua, yanyanyuka na mvumo wake, kama mafuta yanayochemka jikoni. Kwa ishirini na nne ningekuacha uimbe taratibu, na nafasi ingebaki. Sikufanya hivyo. Nilikufanya uimbe kwa nguvu mpaka ukakohoa, ukaomba maji.

Ulipomaliza nikakusikilizisha palepale, kwenye rekoda. Ulifumba macho mpaka mwisho. Ukasema, "Hapo sawa. Huyo ni mimi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, Shangazi. Baadaye nilifanya kama kwamba sikuyasikia.

Nilipofika nyumbani nikaiingiza sauti yako kwenye kompyuta, juu ya vyombo. Ikawa nzito. Iko chini ya kinanda, na yajikokota. Vyombo vyafika mwisho wa mshororo, wewe bado uko njiani. Nilisikiliza mara moja tu. Nikasema peke yangu, uzee huo. Nilikuwa nimeshaamua kabla ya kuuliza sababu. Nikachukua mkasi wa kompyuta, nikakata mwisho wa kila mshororo, nikavuta kila kipande mahali ambapo kinanda chaanza. Mwisho ikawa kama mtu anayeimba huku anakimbizwa.

Nami nikaileta hivyo hivyo. Si kwako peke yako. Nilikuja siku kina mama wamekusanyika kupanga harusi, na spika kubwa, kwa sababu nilitaka waone kazi yangu. Wewe ukanifungulia mlango kwa furaha, ukawaambia, "Nyamazeni, mwanangu amekuja na mambo yake."

Nikaipiga. Zuhura ndiye aliyeanza: "Ee! Bi Maimuna, huyo ni wewe au ni marehemu mumeo?" Wakacheka. Mwengine akasema pumzi zimekwisha, mwengine akasema mwacheni, sote twaenda huko huko. Rukia alitazama sakafu. Wewe hukucheka. Ulisema, "Hiyo si sauti yangu. Siku ile nilisikia vyengine."

Nami nikakujibu, mbele yao wote, "Mashine haisemi urongo, Shangazi. Siku ile ulisikia kwa vidude vidogo. Spika kubwa haifichi."

Kisha ukaenda jikoni kutazama chai, ambayo Rukia alikuwa ameshaiepua.

Wiki ile ile ukamwachia Zuhura nyimbo ya Saida. Ukasema mwenyewe, hapana aliyekwambia: "Mwimbie wewe, mimi koo limekataa." Nao wakakushukuru kwa kuona mbele. Tangu siku hiyo sikukusikia ukiimba, hata ukifua. Rukia aniambia yeye pia hakukusikia.

Sasa kosa lenyewe. Hilo la kwanza mtu aweza kuliita ujinga, na nilikuwa mjinga kweli. La pili silo.

Mutua alikuja kuchukua rekoda yake. Akaifungua akatazama, akaniuliza, "Baba Saida, uliirekodi na hii hii arubaini na nane? Na kompyuta yako iko ngapi?" Nikamwambia arubaini na nne. Akacheka kwa roho safi, si kwa kunidharau. "Sasa mzee, si watu watatoka kama wamelala?"

Ni hivi, Shangazi, na nakueleza wewe uliyekuwa ukikata nguo mwenyewe. Mashine haiichukui sauti nzima. Huichukua vipande vipande, maelfu kwa kila sekunde. Rekoda ya Mutua, kwa kuwa ni ya kazi ya video, ilikuwa yachukua vipande elfu arubaini na nane kwa sekunde. Kompyuta yangu niliiweka elfu arubaini na nne na mia moja, kwa kuwa niliona kwenye video ndivyo wanavyofanya kwa nyimbo. Programu yangu ilikuwa ya zamani, ya bure, haikuuliza kitu. Ikavipokea vipande vyako vyote na kuvitoa kwa mwendo wake yenyewe, polepole. Ni kama wewe umepima nguo kwa yadi, halafu fundi akaikata kwa mita. Hesabu ni ile ile, lakini nguo yaburura chini. Sauti ikivutwa hivyo huwa ndefu, na ikiwa ndefu hushuka. Angekuwa Saida, ingeshuka. Angekuwa ndege, ingeshuka.

Mutua alipoondoka nikabadilisha ile nambari. Moja tu. Nikatoa vile vipande nilivyovikatakata, nikaiweka sauti yako nzima kama ilivyotoka Kibokoni, nikabonyeza.

Ukaingia pamoja na kinanda. Hukuchelewa hata mara moja. Pale mshororo wa pili, unapoliacha neno lipande peke yake na fidla yakufuata nyuma... sikuweza kumaliza. Nikaizima, nikakaa.

Harusi ilikuwa bado. Nguo za Saida zilikuwa bado kwa fundi. Ningeshuka ngazi, nikapanda tuktuk, na kabla ya magharibi ningekuwa mlangoni kwako. Hilo silo jambo la kusema sikuweza.

Sikuja kwa sababu kwaya ya kina Mutua ilikuwa imeniomba niwarekodi, na kina Zuhura vilevile. Niliona nikisema, wataniuliza, wewe hujui hata nambari, twakupa sauti zetu za nini? Mutua mwenyewe hakujua ni nani aliyerekodiwa wala yaliyompata, na sikumwambia. Nikajipa moyo kwamba umri wako ulikuwa wa kupumzika. Nikasema nitakwambia baada ya harusi. Siku ya harusi, Rukia aniambia, ulikaa nyuma kabisa na kipepeo chako cha mkono, Zuhura akaimba, akaimba vizuri, nami nilikuwa nje na wanaume nikipewa mkono.

Halafu wewe ndiye uliyeniuliza. Baada ya harusi, nilipokuletea machungwa kutoka Marikiti, ulisema, "Athmani mwanangu, hebu siku moja nisikilizishe tena ile nyimbo. Nataka kujua ni wapi nilipokosea." Nikakwambia kompyuta imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ukauliza tena Ramadhani, nikakwambia bado iko kwa fundi. Hukuuliza mara ya tatu.

Baada ya Idi ndogo ukatutoka. Nilikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kukulaza. Watu walisema nimekufanyia kama mwanao wa kuzaa.

Kwa hivyo nirudi kwa Rukia. Yeye ataka nifute kwa sababu aamini ile sauti mbovu ndiyo iliyokuwa sauti yako ya mwisho, na akustahia. Nami tangu Jumapili nimekaa mbele ya kompyuta mara kadhaa, mkono juu ya kitufe. Nikibonyeza nimetii, tena nimetii neno la mfiwa, na yamekwisha. Zuhura ataendelea kuhadithia jinsi koo lako lilivyokataa, kwa mapenzi, na wajukuu watakua wakijua hivyo. Ni rahisi sana. Urahisi wake ndio ulionitisha.

Ile niliyoikatakata nimeifuta jana. Hiyo ilikuwa yangu. Ile nzima sikuifuta, kwa kuwa si yangu kuifuta.

Alhamisi hii nitaomba ruhusa stoo mapema. Baada ya alasiri, kina mama wakishamaliza Yasini na kabla chai haijaletwa, nitabisha hodi. Nitasimama upande wa pili wa pazia, nimwombe Rukia waniwie radhi wanisikilize, Zuhura akiwemo. Nitawaambia kwamba Bi Maimuna sauti yake haikushuka. Kwamba alisema si yake na alisema kweli, nami nikamkanusha mbele yao. Kwamba nilijua kabla ya harusi nikanyamaza, akaniomba mara mbili nikamdanganya mara mbili. Sitaanza na habari za nambari, maana nambari zitanipa pa kujificha. Wakitaka kujua, wataniuliza.

Kisha nitampa Rukia flashi mkononi, sauti yako ndani yake ikiwa sawa, na sitabaki na nakala. Akitaka kuisikiliza, akitaka kuifuta, ni mamake. Wakinicheka nitawasikia. Wakinifukuza nitaondoka.

Mungu akuweke pema, Shangazi. Sikuombi radhi hapa kwenye karatasi, kwa sababu hapa hapana anayenitazama. Nitaiomba Alhamisi, kwa sauti, ukumbini kwako.

Mwanao,
Athmani