Marehemu wa Orizaba

Orizaba, 15 Juni 1953

Mwanangu Meli,

Pokea salamu za mama yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Na mimi ni mzima, ingawa redio imetangaza vingine.

Jumamosi mgahawa ulijaa. Tomasa, mama yako wa ubatizo, aliileta redio yake akaiweka juu ya kabati la vikombe, na vijana wa reli wakaja wote, hata wale wanaosema siku zote kwamba chakula changu kina chumvi. Ilipotajwa tuzo ya Korongo wa Fedha ya Mwigizaji Bora wa Kike na kusemwa Linda Montiel, Tomasa alinikumbatia mpaka mwiko ukanidondoka. Nikawa nawaambia nyamazeni jamani, Linda wenu ni Meli wangu, anataka kusema. Ukasema. Ukamshukuru Bikira Maria, ukamshukuru Bwana Arizpe aliyekuongoza kwenye sinema, kisha sauti ikakukatika: "Korongo huyu wa fedha ni wa mama yangu mpenzi, marehemu, anayenitazama kutoka mbinguni."

Meli, mimi nilikuwa nakusikiliza kutoka jikoni.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mwishowe Fermín, yule dereva wa treni za mizigo, alivua kofia, akanisogezea sahani yake, akasema, "Marehemu, niongezee maharage." Watu wakacheka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao. Tangu hapo wote wananiita hivyo, na mimi naitika. Nikirudi jikoni ndipo nalia, na nikiulizwa nasingizia vitunguu.

Nimekufa lini, mwanangu? Niambie wewe, maana mimi sikuarifiwa.

Mama yako


Jiji la Meksiko, 2 Julai 1953

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili tu. Barua yako nimeisoma nimejifungia chumbani.

Siku ya majaribio ya sinema walitaka niwe yatima anayelia. Machozi yakagoma kabisa. Bwana Arizpe akaniuliza, "Wewe binti, hujawahi kufiwa?" Baba alikufa nikiwa mchanga, simkumbuki hata sura. Nikajibu kwamba mama yangu alifariki Januari. Nilipolitamka tu nikalia kweli, Mama, kwa sababu nilikuona umelala na mikono imekunjwa. Kazi nikapewa. Nilidhani litaishia pale. Likaingia kwenye gazeti moja, kisha jingine, na sasa nimekuwa yatima wa nchi nzima. Wanawake wananisimamisha njiani kunipa pole.

Nikikana leo, kila mtu atasema Linda Montiel ni mwongo, na Bwana Arizpe hatanitaka tena. Nipe muda. Na akija mwandishi wa habari huko, nakupigia magoti, usimwambie wewe ni nani.

Mwanao,
Meli


Orizaba, 9 Novemba 1953

Mwanangu,

Salamu. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukujibu. Afya si mbaya, ila kifua kinabana nikipanda ngazi za kanisa.

Mwandishi wako alikuja Septemba, amevaa viatu vya rangi mbili. Akaniuliza kama nilimfahamu mama yake Linda Montiel. Nikamwambia nilimfahamu sana. Mwanamke mkali, nikasema, lakini hakuna aliyewahi kutoka kwake na njaa, na hakuwa na kitu duniani isipokuwa binti yake. Aliandika yote. Tomasa ilibidi atoke nje asije akamtukana. Basi nimekusaidia kudanganya, na ukiniomba tena nitakusaidia tena, ndivyo nilivyo mjinga kwako.

Lakini wiki hii nimeona gazeti la picha. Ni Siku ya Wafu, uko nyumbani kwako, umepiga magoti mbele ya meza ya marehemu. Kuna mishumaa, maua ya njano, mkate, na katikati nipo mimi. Picha ni ile tuliyopiga mgahawani, umeikata ili aproni isionekane. Meli, kusema ni maneno, yanapita. Kumwashia mtu mshumaa na kumwita aje ale pamoja na wafu, huo ni mchezo gani? Mimi bado nakula kwangu. Tangu nilipoliona gazeti hilo miguu yangu haipati joto. Limeniuma, na sitakuficha.

Toa picha yangu hapo.

Mama yako


Jiji la Meksiko, 20 Februari 1954

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Unakunywa dawa, au unamgawia jirani kama kawaida yako?

Picha niliitoa siku ileile. Aproni sikuweza kuirudisha. Miezi yote hii nimekaa kimya kwa aibu, nikianza barua na kuzichana.

Sasa nisikilize. Kila mwaka mshindi wa mwaka uliopita ndiye anayemkabidhi tuzo mshindi mpya. Juni ni zamu yangu. Nitakuwa mbele ya kipaza sauti, redio inarusha nchi nzima, na hakuna atakayeweza kuninyamazisha. Nitasema: mama yangu yu hai, anaitwa Crescencia Tepole, ana mgahawa Orizaba, na yule pale amekaa. Wakinifukuza nitarudi nikuoshee sahani.

Ndani ya bahasha kuna tiketi yako ya treni. Usipokuja nitakufuata.

Mwanao,
Meli


Orizaba, 3 Mei 1954

Meli wangu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko siku zote. Barua yako niliwasomea vijana wa reli. Wakapiga meza kwa vijiko mpaka sahani ikavunjika. Fermín anasema nikishafufuka nitajivuna na bei ya maharage itapanda. Nimemwambia kwake yeye itapanda mara mbili.

Tomasa ananishonea gauni la kijani. Alitaka jeusi, ati ndilo la heshima, nikamkatalia. Nataka kukuuliza: ukinitaja nisimame, au nipunge mkono tu? Sijawahi kukaa na watu wa namna hiyo na sitaki kukuaibisha.

Daktari anasema moyo umechoka, nisinyanyue masufuria. Nitapumzika Juni ikishapita. Ile hasira ya Novemba imekwisha kabisa. Kula vizuri, kwenye magazeti umekonda.

Mama yako, aliye hai


Jiji la Meksiko, 2 Juni 1954

Mama,

Leo sikuulizi hali.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunapiga picha za sinema, nikaletewa telegramu ya Tomasa kwamba umeanguka jikoni na umefariki. Nikaenda nayo kwa Bwana Arizpe. Nikamwambia nimefiwa, naomba ruhusa.

"Umefiwa na nani?"

"Mama yangu," nikasema.

Akaniwekea mkono begani. "Najua, binti yangu," akasema, kwa upole kabisa. "Kidonda hicho hakiponi. Lakini nakuuliza leo. Leo amekufa nani?"

Ningeweza kumpa telegramu aisome. Nilikuwa nayo mkononi, Mama. Taa zilikuwa zinawaka na watu wote wananitazama, na mdomo wangu ukasema, "Shangazi."

Akanipa pole. Akasema shangazi hatanuna tukimaliza kwanza kipande hiki. Tukakimaliza. Kilikuwa kipande cha kulia, na kila mtu alinisifu.

Nilifika Orizaba Ijumaa jioni. Walikesha nawe usiku kucha mgahawani, wakachelewesha jeneza kadiri padri alivyowaruhusu, kisha wakakuzika mchana. Fermín na wenzake ndio waliokubeba. Tomasa hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Watu hao wa sinema wana roho gani, hawakukuruhusu uje umzike mama yako?"

Nikamwambia sikuwaomba ruhusa ya kumzika mama yangu. Alinitazama sana, kisha akaniwekea chakula, akaenda kukaa na wengine.

Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda jukwaani kukabidhi tuzo. Lile nililokuahidi siwezi kulisema tena. Magazeti yameandika mwaka mzima kwamba sina mama, na sasa hakuna hata moja linalodanganya.

Mwanao,
Meli