Paipu Alizofunga Baba Chebet

Jumatatu, 4 Mei

Majani ya chai yamefika kituoni. Mvua tele. Gari lililia kutoka darajani mpaka juu. Akina mama kwenye foleni wakacheka, eti mwalimu amekuja na nguruwe. Nikafungua boneti, nikapaka fenibelti, ule mkanda wa feni, sabuni ya kipande. Kimya. Ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mume wangu, Baba Chebet, akiwa na haraka.

Ni yeye aliyeifunga hiyo fenibelti, na paipu zote za maji, mwaka mmoja kabla hajaniacha. Alilala chini ya gari juu ya gunia, akiimba wimbo wa kanisani vibaya. Miaka minane sasa. Sina haraka ya kutoa kitu alichofunga kwa mikono yake. Nikifungua boneti namwona. Basi.

Jumatano, 6 Mei

Nimempeleka binti yangu Chebet kliniki. Mimba ya miezi minane. Presha iko juu. Daktari amesema kichwa kikimuuma sana, au macho yakianza kuona nyota, asingoje, aletwe hospitali ya Longisa mara moja. Amehamia kwangu mpaka ajifungue. Kwake kuna pikipiki tu.

Mtoto wao wa kwanza tulimzika akiwa na siku mbili. Chebet hamtaji. Mimi pia simtaji. Nilimwambia gari lipo, mafuta yamo, na mama yake anajua kuendesha. Akanishika mkono akakaa nao.

Jumamosi, 9 Mei

Kiprono, mume wa Chebet, alikuja kumwona. Ni fundi wa magari Bomet mjini. Kijana mpole mpaka anaudhi. Kwetu Wakipsigis mwanamume hakai na mama mkwe wake, hampi mkono, hamkazii macho. Basi mimi jikoni, yeye uani.

Kupitia dirishani nilimwona amefungua boneti. Anabonyeza paipu moja moja kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akatikisa kichwa. Akamnong'onezea Chebet. Chebet akaja kuniambia Kiprono anasema gari lina kelele kidogo. Nikamjibu amwambie sabuni inatosha. Nilikasirika. Nani alimtuma kushikashika paipu za mume wangu? Kiprono akafunga boneti taratibu, akaenda zake.

Jumatano, 13 Mei

Naandika nikiwa hospitalini Longisa.

Asubuhi Chebet alishika kichwa. Anaona nyota. Kiprono alikuwa amefika kumsalimia, akaingia nyuma na mkewe. Nikaendesha. Kwenye mlima gari likaanza kulia. Halafu likanyamaza ghafla. Nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi. Fenibelti ilikuwa imekatika. Taa nyekundu. Usukani mzito. Mshale wa joto juu kabisa. Kisha paipu ya juu ikapasuka, mvuke ukafunika kioo chote. Tukasimama katikati ya mashamba ya chai, mvua inanyesha, na mtoto wangu anatapika.

Nikakimbilia kifuniko cha rediata na chupa ya maji baridi. Kiprono akanidaka mkono.

"Wacha, Mama! Itakuchoma."

Hakuwa amewahi kunigusa.

Pikapu ya maziwa ikasimama. Mbele palikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Nikamwambia aende na mkewe. Akakataa.

"Nenda wewe, Mama. Wewe unajua kuongea na madaktari."

Tukamwacha pale barabarani, ameloa chepechepe. Alipunga mkono mpaka tukapinda kona.

Madaktari walimpasua Chebet kabla ya saa sita. Msichana. Mdogo sana, lakini analia kwa nguvu. Chebet amefungua macho jioni, akauliza kama mtoto anapumua. Nikamwambia anapumua. Akauliza tena. Nimelia chooni peke yangu.

Alhamisi, 14 Mei

Leo Kiprono amekaa kwenye benchi moja na mimi. Pembeni kabisa, lakini benchi moja. Akasema akitazama sakafu.

"Jumamosi niliona, Mama. Fenibelti ilikuwa na nyufa, paipu ya juu imelainika. Nilimwambia Chebet hilo gari lisiende mbali. Niliogopa kukwambia mwenyewe."

Na Chebet alipunguza maneno njiani, kutoka uani mpaka jikoni, kwa sababu alijua ni paipu za babake. Kila mtu alikuwa anamhurumia mwenzake. Kidogo tu tumzike mwingine kwa heshima zetu. Nikamwambia Kiprono mficha uchi hazai, na hapa sote tulificha, mimi zaidi. Kuanzia leo aniambie usoni.

Wueh! Kumbe ana maneno. Alinifundisha kama saa nzima. Mpira huzeeka hata gari likikaa nyumbani. Ukifika miaka minne, mitano, usiuamini, hata kama unang'aa. Injini ikiwa baridi, bonyeza paipu: ikiwa imelegea, imefura, au imekauka ngumu kama mti, toa. Tazama hasa kwenye vibanio vinavyokaza ncha zake, huko ndiko huanzia kuoza. Fenibelti ikipasuka nyufa au ikilia, inakwambia kitu, na sabuni inakuziba masikio tu. Zikifika umri, badilisha zote pamoja, ujaze kulanti, ile dawa ya kupoza injini, si maji ya mto. Nimeandika nisisahau.

Jumatatu, 18 Mei

Gari lilivutwa mpaka nyumbani, na Kiprono amebadilisha paipu zote na fenibelti hapa uani. Nilimshikia spana. Alipasua paipu ya zamani kwa kisu, akanionyesha ndani. Imeoza, inabanduka magamba meusi. Nje bado nzuri.

Nikakumbuka Baba Chebet mwenyewe hakuwahi kungoja kitu kikatike. Angenigombeza vibaya. Miaka yote hiyo nilidhani namtunza yeye, kumbe natunza mpira. Nimezitupa shimoni mwenyewe. Roho iliniuma. Nimezitupa tu.

Jumanne, 19 Mei

Tumewaleta nyumbani. Chebet nyuma na mtoto, blanketi na mabeseni. Kiprono mbele, kando yangu, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Aliegemea mlango, anasikiliza injini.

Kabla hatujafika Bomet mjini alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeangukia bega langu. Siku sita hajalala vizuri. Chebet aliona, akaziba mdomo asicheke. Nikapunguza mwendo, nikakwepa shimo moja moja mpaka nyumbani.