Salamu Maria Tatu Kabla ya Kuzima

Jumatatu 3/6/91
Maji nimeongeza. Oili nimepima. Stata mara tatu ndipo ikawaka. Nimepeleka watu na magunia Kinole. Kona ya pili kutoka juu wakashuka wote, wakasukuma. Abiria kunisukuma mimi! Miaka ishirini na mbili napanda mlima huu. Nimepandisha mapadre, maharusi, mabati ya kanisa. Hakuna dereva Morogoro nzima wa kunifundisha. Landrova ndiyo imechoka, mimi bado.

Mke wangu Monika kanywa uji vijiko vitatu. Hospitali wamemrudisha nyumbani, hawana dawa tena. Anaomba kitu kimoja tu. Nimpeleke Kinole, akafie kwenye ardhi ya mama yake, kwenye midalasini yao. Nimemwahidi. Atapanda kwa gari langu, siyo la mtu.

Jumatano 5/6
Nimemwita Dismas, mtoto wa dada yangu. Ni fundi. Kasikiliza injini kidogo tu, katikisa kichwa. Anasema imekwisha, tuitoe, tuweke ya Kijapani. Siku hizi kuagiza nje ruksa, zimelundikwa Dar kama viazi, unachagua mwenyewe.
Nimekataa. Injini hii niliipokea mpya. Ndiyo iliyomteremsha Monika toka Kinole na sanduku lake la harusi. Ukiitoa, gari linabaki jina.
Madereva wa malori pale Mikese wanasifu tabo, kile cha kuiongezea injini nguvu. Nikamwambia weka tabo. Tabo ni nyongeza, siyo badala.
"Mjomba, huko ni kumtwisha mzee gunia."
Nikamuuliza, mjomba hapa ni nani? Kafunga boneti.
Monika alikuwa anasikia toka ndani. Akaniita, Baba Roza, msikilize mtoto. Nikajifanya sijasikia.

Jumamosi 8/6
Tabo imefungwa. Chuma kama konokono. Moshi wa injini unaizungusha, nayo inasukuma hewa kurudi ndani. Nimepanda mpaka Kinole na magunia, hakushuka mtu. Halafu inapiga mluzi! Watoto wanatoka mbio kuangalia. Nilisema mimi.

Dismas kanipa sharti. Nikisimama nisizime hapo hapo. Niache injini iungurume taratibu, nisome Salamu Maria tatu polepole, ndipo nizime. Eti tabo inabaki inazunguka wakati oili imeshakata, inaungua. Nimecheka. Mimi siyo mtoto wa altare.

Jumanne 11/6
Kinole mara mbili. Kurudi nimezima injini toka juu, nimeteremka kimya mpaka chini. Nilijifunza enzi za dizeli ya kibali. Ya siku moja nilikuwa naitumia siku mbili, wenzangu wamelala na magari. Kazi hiyo wanaiweza wachache.

Monika kauliza safari lini. Nimemwambia Jumapili, saa ya watu kutoka misa, watuone tunaingia na mluzi. Kasema Jumapili mbali. Nikamwambia siku tano siyo mbali.

Ijumaa 14/6
Moshi wa bluu kidogo asubuhi. Oili imepungua, nimeongeza. Dismas sijamwambia. Angeanza maneno yake.
Monika hajala.

Jumapili 16/6
Tumeondoka mapema. Nimemlaza nyuma kwenye godoro, Dismas kamshika kichwa. Mluzi ulikuwa mzuri mpaka katikati ya mlima. Halafu ukawa kama paka anakanyagwa. Halafu hakuna. Moshi. Oili yote chini. Injini ikagonga, ikasimama.

Watu wa mashambani walikata miti wakafunga machela. Dismas akasema twende, Mjomba. Nikasema tangulieni, natengeneza, nitawapita njiani. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema. Nitawapita njiani.

Nilikaa chini ya gari na spana. Sijui nilikuwa natengeneza nini.

Kafia njiani. Walikuwa wamefika midalasini ya kwanza. Dismas anasema aliuliza Baba Roza yuko wapi. Wakamjibu anakuja na gari.

Jumatatu 17/6
Tumemzika kwa mama yake.

Jumatano 19/6
Matanga. Maganga kaja toka Mikese, Mnyamwezi, mtani wetu. Kavaa kanga ya Monika. Kakalia kinu, kashika ungo kama usukani, anapiga mluzi. Wiiii! Wiiii! Kisha kageuka nyuma: "Monika! Monika we! Shuka usukume, mume wako ana tabo!"
Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mtani hakasirikiwi. Nami nikacheka. Nilicheka sana, mwisho hakikuwa kicheko tena. Maganga akaja akanishika, na ile kanga bado kaivaa. Inanuka Monika.

Alhamisi 20/6
Dismas kafungua tabo, kanionyesha. Imeungua nyeusi, haizunguki hata kwa koleo. Kauliza kama nilikuwa nasoma zile Salamu Maria.
Nikasema hapana. Hata moja. Na mteremkoni nilikuwa nazima.
Nilitaka anitukane. Alipangusa mikono tu, akaniambia, "Pole, Mjomba."
Ingekuwa injini ya Kijapani angefika akiwa hai. Kosa ni langu. Siyo la tabo.

Jumanne 2/7
Nimemwambia Dismas weka unayotaka.

Jumatatu 15/7
Ile ya zamani imetolewa. Ipo uani, kuku wanailalia. Mpya inawaka stata moja. Sauti ndogo. Siipendi, siichukii.

Jumamosi 27/7
Jana arobaini yake. Nimepanda Kinole na Dismas na mchele wa shughuli. Mlima wote hatukusimama. Hakuna mluzi, hakuna mtoto aliyetoka kuangalia.

Nilisimama chini ya midalasini ya kwanza, pale pale alipofia. Injini ikaendelea kuunguruma. Dismas akangoja, halafu akasema zima tu, Mjomba, hii haina tabo, haihitaji kungojewa.
Nikamwambia najua.
Nikasoma ya kwanza. Ya pili niliisahau katikati, nikaanza upya. Ya tatu nikaenda nayo polepole mpaka mwisho.
Nikazima.