Papa, Gundi Huja Mwisho

Papa yangu mpendwa,

Ungeniona nimeshika kalamu kwa ajili yako ungecheka mpaka kikohozi kikubane. Maandishi uliyoyajali wewe ni vipimo vya wateja tu, na hivyo navyo uliviandika juu ya ubao, kisha ukavifuta mwenyewe kwa randa. Lakini nina mambo ya kukuambia, na ulikokwenda simu haishiki, kwa hiyo vumilia. Unanijua, nikianza kusema sinyamazi.

Jana nilipita Gisozi, kwenye banda lako la useremala. Mzee Saidi, mliyegawana naye banda hilo tangu tulipohama kutoka Bujumbura, alikuwa ananisubiri. Akanipa kile kibenchi cha mbao ya libuyu ulichokiacha vipande vipande, alivirudisha bandani baada ya mazishi, amevifunga kwa kamba vizuri. Akasema, "Shika, mwanangu. Baba yako alisema hiki ni chako, na kwamba unajua la kufanya." Nikalia pale pale, mbele ya mafundi wote na wachomeleaji wa jirani. Hakuna aliyenicheka.

Unakumbuka kule Bujumbura, nilipokuwa wa miaka tisa? Ulitoka kidogo kununua misumari, mimi nikajifanya fundi. Nikamimina gundi kwenye tundu la kiti cha mteja, nikachomeka mguu, nikagonga nyundo. Uliporudi, mguu umekauka upande. Nilijua leo nakula fimbo. Wewe ulikaa chini kwenye takataka za randa, ukaniweka mapajani, ukaniambia, "Gundi huja mwisho, mama. Kwanza unajaribu kikavu. Kiungo kikikataa, usikipige. Kitoe, ukiangalie, utaona panapobana." Halafu ukakesha ukitengeneza kiti kingine. Nilidhani umenifundisha useremala tu.

Siku hizo bado tulikwenda misa wote watatu, mimi mabegani kwako, Mama mbele na kitenge chake cha Jumapili. Kisha Mama akaugua, nami nikiwa shule ya bweni. Nilirudi nikakuta ameshazikwa. Tangu siku ile hukukanyaga tena kanisani. Nikikuuliza, ulisema, "Hiyo habari tuiache," ukachukua randa. Nami nikaiacha, miaka na miaka.

Nilipookoka, kule Remera, ndipo nikakushukia wewe kama mvua ya mawe. Kila nikija na kitabu changu kwapani ulimwambia Mzee Saidi kwa sauti, ili nisikie, "Pasta amefika. Ficha chai, maombi yake marefu, itapoa." Mzee Saidi, Mwislamu wa watu, anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nacheka pia, lakini kwa ndani nilikuwa naumia.

Halafu ini lako likaharibika. Daktari akatuambia twende nyumbani tukae pamoja, na wote tulijua maana yake. Papa, niliingiwa na woga ambao sijawahi kuupata. Niliogopa kwamba utaondoka umemnunia Mungu, na kwamba sitakuona tena, si hapa wala kule. Basi nikaanza kumimina gundi. Mahubiri kwenye simu kando ya mto wako. Mistari ya Biblia ukutani. Ukageukia ukuta wa pili, nikabandika na huko. Ukafumba macho. Nikasoma kwa sauti.

Na ile Jumapili mchana nikakuletea kikundi changu cha maombi, akina mama sita. Uliwapokea vizuri, ukaniambia niwape chai. Wakaimba, wakaomba, ukavumilia. Kisha Mama Debora, kiongozi wetu, akaweka mkono juu ya tumbo lako akasema, "Mzee, kuna kitu umekificha. Kiungame, upone."

Ulikuwa na siku mbili huwezi kukaa. Siku hiyo uliinuka mwenyewe. Hukupaza sauti. Ulisema, "Tokeni." Halafu ukaniangalia mimi. "Na wewe."

Tukashuka kilima kutoka kwako. Njiani Mama Debora akasema ni roho ya ukaidi inapingana. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba nilikubali.

Siku tatu hukupokea simu yangu. Ya nne akanipigia Mzee Saidi. "Njoo," akasema, "lakini njoo mikono mitupu. Huyu anataka binti, hataki hotuba." Nilitoka kiwandani Masoro, hata sare sikubadilisha. Nikakukuta umekaa kwenye mkeka mlangoni, jua likikupiga miguuni, na vipande vya kibenchi hiki mbele yako. Mzee Saidi alikuletea kwa sababu ulimsumbua. Hukunisalimia. Ulininyooshea patasi.

Nikachonga. Nikajaribu mguu, ukakataa kuingia. Nikatafuta nyundo.

"Buretse," ukasema. Subiri. "Utoe. Angalia panapobana."

Nikautoa, nikaugeuza geuza, na hapo nikaona aibu kubwa. Miezi mitatu nilikuwa nakugonga nyundo, Papa. Sijawahi hata mara moja kukaa chini nikakuuliza.

"Papa, panabana wapi?"

"Si hapo kwenye kona? Huoni?"

"Sisemi kibenchi."

Mtoto wa jirani alipita anafukuza kuku, ukamfuata kwa macho mpaka kuku akakamatwa. Kisha ukasema bila kuniangalia.

"Mama yako alipougua, watu wa maombi walikuja. Wakamwambia kuna dhambi ameficha, ndiyo maana haponi. Konsolata! Mtu ambaye akimkanyaga paka anamwomba radhi. Wiki yake ya mwisho hakulala, alikuwa anatafuta dhambi. Ananiuliza, 'Leonidasi, labda ni ile siku nilimnunia dada yako?' Amekufa anatafuta." Ukafuta mdomo. "Na wale watu, mimi ndiye niliwaita. Mimi nilifungua mlango."

Mistari yote niliyoikariri ilinikimbia, na leo namshukuru Mungu kwa hilo. Nilipiga magoti nikakushika miguu. Nikakuambia, "Nisamehe, Papa. Nimekuletea maneno yale yale." Kisha likaja jambo moja tu ambalo nilikuwa na uhakika nalo. "Mama hakuwa na dhambi iliyomuua. Aliumwa. Na wewe uliwaita kwa sababu ulimpenda."

Ulilia. Nilikuwa sijawahi kukuona ukilia, hata ulipojikata kidole kwa msumeno. Ulilia mpaka kitambaa changu cha kiwandani kikalowa, kisha ukapenga kamasi, ukasema, "Sasa chai iko wapi? Au umeificha?"

Siku iliyofuata nilibandua mistari yote ukutani. Jioni wewe ndiye uliyeanza kuuliza.

"Huyo Yesu wenu. Iko kweli alikuwa seremala?"

"Kweli."

"Alitengeneza nini?"

"Haikuandikwa."

"Unaona? Walioandika hawakuwa mafundi."

Basi ikawa kila nikitoka kazini nakusomea kidogo, ukisema inatosha nafunga. Ulibishana na kila kitu. Ulimtetea yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, aliyenuna mdogo wake alipofanyiwa karamu, ukasema huyo ndiye peke yake aliyekuwa anafanya kazi. Nilicheka sana siku hiyo. Nikagundua siku nyingi zimepita bila kuogopa.

Na jioni nyingine nilisoma pale Yesu alipofika kwenye kaburi la rafiki yake, akawakuta dada wa marehemu, akalia. Uliinua mkono.

"Alilia?"

"Alilia."

"Hakuwauliza wale dada wamekosa nini?"

"Hakuwauliza, Papa."

"Soma tena," ukasema. Nikasoma tena. Nilisoma mara tatu.

Jumamosi asubuhi, mvua inapiga bati, ulitaka nikuinue. Nikafunga macho tayari kuomba, mazoea, ukanikatiza. "Usiniombee. Nishike tu nisianguke." Nikakushika kwa nyuma, mgongo wako kifuani kwangu, mifupa mitupu. Ukasema kwa Kiswahili chako cha kununulia mbao, polepole:

"Mungu, ni mimi Leonidasi, mume wa Konsolata. Nimekukasirikia siku nyingi. Hasira bado iko. Lakini kama ulilia na sisi siku ile, basi nifungulie. Nimekuja."

Hukusema amina. Ulisema unataka uji, na usiwe na sukari nyingi kama ule wa jana. Siku tatu baadaye ukaondoka, saa sita mchana, mkono wako katika wangu. Uso wako ulikuwa wa mtu aliyetua gunia.

Siku ya kumaliza matanga Mama Debora alikuja. Akanivuta pembeni, karibu na sufuria za matanga, akaniuliza kama ulitubu. Nilitaka kumjibu vibaya, moyo ulikuwa moto. Badala yake nikamsimulia ya Mama, yote, tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia kiganja chake. "Na mimi nikaweka mkono huu huu," akasema. Alifunga kitenge chake kiunoni, akaosha vyombo vya matanga mpaka cha mwisho. Usimchukie, Papa. Nami najitahidi.

Sasa nikuambie hali yangu. Nakukosa. Sahani yako nimeiweka juu ya kabati, siwezi kuitumia na siwezi kuigawa. Lakini nalala, Papa. Nalala usingizi mzito mpaka nachelewa basi la kiwanda. Ule woga umekwisha. Nilifikiri wokovu wako uko mabegani kwangu, nikikosea neno moja basi umepotea. Kumbe kazi yangu ilikuwa kukushika usianguke, na kuzungumza na Mungu ukazungumza mwenyewe. Sijui kama hasira yako ilikwisha njiani. Najua ulikwenda kugonga mlango, na Yule unayemgongea namfahamu.

Leo asubuhi nimekifungua kibenchi chako mlangoni, pale pale kwenye mkeka. Nimejaribu kikavu. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikataa, nikautoa, nikauangalia, nikakwangua kidogo tu kwenye kona. Ukaingia kwa mkono, bila nyundo. Ndipo nikapaka gundi. Inakauka wakati nakuandikia, na kesho nitakikalia ninywe chai ya moto.

Pumzika, Papa. Msalimie Mama, na umwambie asitafute tena.

Ni mimi binti yako,
yule Pasta mliyekuwa mnamficha chai