Ishara Iliyokwenda kwa Boti Nyingine

Papa wangu mpendwa,

Kwanza mgongo wako: siku hizi unaweza kuinama shambani bila kushika kiuno? Na Mama, kikohozi kinamwacha alale? Sisi huku Kalemie tunapumua, mimi na Riziki mtoto wetu, lakini siwezi kukuandikia kwamba tu wazima. Kwa simu ulisikia kilio tu. Ndiyo maana nampa barua hii mama mmoja mwuza chumvi anayerudi Ankoro.

Papa, Elia mume wangu hajarudi kutoka ziwani tangu Jumanne.

Unajua kazi yangu katika biro, ile ofisi ya maboti. Ile programu niliiandika mwenyewe, mkanisifu hadi kanisani. Ndani yake kuna nyuzi nyingi zinazofanya kazi pamoja, na kila uzi unashika mawasiliano ya boti moja. Upepo mbaya ukionekana natuma ishara, uzi unaamka na kumwambia nahodha ageuze. Elia ni fundi wa mota katika mojawapo ya maboti hayo.

Sasa sikia ujinga wangu. Nyumbani Mama alikuwa akiita tu uani, “Eee, mutoto, kuya!” bila jina, na aliyekuwa karibu alikwenda. Kama si yeye aliyetakiwa, alimkimbilia mwenzake. Nami niliandika vivyo hivyo: ishara inatumwa kwa programu nzima, na mashine inaupa uzi wowote ulio tayari kuipokea. Lakini uzi hauendi kumwita mwenzake, Papa. Upepo wa kusini ulipoanza, nilituma ishara kwa ajili ya boti ya Elia. Ikapokelewa na uzi wa boti nyingine, iliyokuwa kwenye maji tulivu karibu na bandari. Hiyo ikageuza, wakashuka wakicheka na kuniuliza kumetokea nini. Ya Elia ikaendelea kuingia kwenye upepo.

Wametafuta. Hakuna ubao, hakuna mtu. Nimeshasahihisha, sasa ishara inakwenda kwa uzi mmoja ninaoutaja. Uzi wa Elia unaamka vizuri kabisa, unaita, unaita, na upande wa pili ni kimya.

Jana chef, mkubwa wetu wa biro, alikuja kusimama nyuma yangu. “Mama Riziki, ule uzi ufunge. Boti ingine inangojea nafasi. Muntu mwenye hajibu, tutamungojea mupaka wapi?”

“Unisamehe, chef. Ule siufunge.”

“Ni kazi, mama.”

“Basi ufunge weye.”

Akavuta kibodi, akauchagua uzi wa Elia, akautumia ishara ya kufa. Hakujua kwamba ishara ile, hata ukiutumia uzi mmoja, inaua programu nzima. Maboti yote yakatoweka kwenye kioo. Akabaki ananitazama, mikono juu ya meza. Nikawasha nyuzi zote upya, na wa Elia pia.

Papa, usinitumie maneno ya kunifariji. Njoo wewe mwenyewe. Riziki anauliza kila asubuhi, nami nakimbilia jikoni.

Nisalimie Mama, na shangazi aliyenilea, na mdogo wangu fundi wa baiskeli. Mwambie mchungaji aniombee kwa jina langu kamili: Furaha, mke wa Elia. Mke, Papa. Akianza kutaja neno jingine, mkatize.

Mtoto wako,
Furaha