Mkwaruzo kwenye Santuri ya Mama Yako

Friederike mwanangu,

Supu ya viazi iko jikoni, ipashe moto. Nimekwenda kumwagilia maua kaburini kwa mama yako.

~~Usiiguse santuri yake.~~ Ipige utakavyo.

Asubuhi, ulipoipiga na fidla ikakwama kwenye ile sehemu ya mapenzi, ya polepole, nilikufokea: "Umeikwaruza! Hata mwezi haujaisha tangu tumzike!" Ukauliza, "Baba, kweli mimi?" Ukaenda kazini bila kahawa.

Mkwaruzo ni wangu. Siku ya mazishi, wageni wakila keki baada ya maziko, niliipiga santuri, sindano ya gramafoni ikaniteleza mkononi. Nilijua tangu siku ile.

Shangazi yako Gerlinde nimeshampigia simu kukuchongea. Nikitoka makaburini nitapitia kwake, nimweleze ukweli ana kwa ana.

Baba yako