Paji la Uso Kwanza, Shati Baadaye

Fundi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyotukutanisha, wewe Mjaluo wa Sindo na mimi Mkuria wa Kehancha, ukanipokea kwenye studio yako pale Migori watu wakikuuliza kama umekosa vijana wa kwenu. Studio bado iko wazi. Lile pazia la maporomoko ya maji limepauka, lakini wateja wanalipenda na mimi sijapata moyo wa kulitoa.

Nina habari yako. Ila kwanza nikulaumu kidogo, univumilie. Ulipiga picha nusu ya Migori: maharusi, walimu, watoto wa ubatizo, hata ng'ombe wa watu. Wewe mwenyewe ulijipiga lini? Ulipofariki tulipekua kila bahasha na hatukupata kitu. Kitambulisho chako chifu alikichukua siku ya kibali cha mazishi, kama kawaida ya serikali. Ukazikwa hivyo hivyo, jeneza la mpiga picha bila picha juu yake. Niliwasikia akina mama wakinong'ona, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mkeo, ambaye sasa ni Mama Akinyi, alikuwa na mimba wakati ule. Akinyi alizaliwa ukiwa tayari umelala. Sasa ana maneno mengi kama wewe, na ameanza kuuliza. Kila mwanamume mgeni mwenye kofia akiingia bomani, anauliza kama huyo ndiye baba. Mama yake akaniambia, "Boke, wewe ndiye mtu wa picha. Nitafutie uso wa kumwonyesha huyu mtoto." Nikaitikia, Fundi, bila kujua nitautoa wapi.

Halafu juzijuzi dereva wa mradi wa visima alikuja kupigwa paspoti. Akaniambia yule mzungu wake, aliyerudi kwao, ameweka picha zake zote kwa intaneti, na moja ni ya Fundi. Nilikaa chini. Siku ile niliikumbuka vizuri: wewe mlangoni mwa studio, mzungu na kamera yake mpya, na wewe unamfokea, "Jua liko mgongoni mwangu, bwana! Utanifanya makaa!" Akapiga tu.

Ofisi ya mradi iko Homa Bay, ina kompyuta na laini ya simu. Tulienda watatu, mimi, Mama Akinyi, na mtoto amevalishwa viatu vya kanisani. Nilibeba kamera yako na stendi yake, maana dereva alinionya kwamba mashine yao ya kuchapisha inatoa maandishi tu. Karani wa pale, Ouma, kijana mpole, aliifanya kompyuta ipige simu, ikakoroma na kupiga mluzi, kisha akaandika anwani aliyotupa dereva. Ukurasa ukafunguka. Pahali pa picha palikuwa na kisanduku kitupu. Kumbe Ouma mwenyewe alikuwa ameizuia braoza, ile programu ya kufungulia kurasa, isilete picha, kwa sababu zinakula pesa ya simu. Akaondoa hicho kizuizi, tukangoja.

Ulikuja kutoka juu, Fundi, mstari kwa mstari. Bati, kibao cha studio, umbo la kichwa, halafu lile shati lako jeupe. Lakini kati ya kibao na shati hapakuwa na mtu, palikuwa na weusi mtupu. Mama Akinyi akasema, "Huyu hana uso," akamgeuza mtoto asitazame. Mimi nililia palepale mbele ya karani.

Ouma akasema labda ni rangi, kwamba kompyuta yao ilikuwa imewekewa rangi kumi na sita tu, za kutosha barua za ofisi. Akaingia kwenye mipangilio ya skrini, akachagua rangi nyingi, akaizima kompyuta, akaiwasha, akapiga simu tena. Safari hii bati likawa bati na shati likapata mikunjo yake. Uso bado. Ouma akatupa pole, akasema picha yenyewe ndiyo mbaya.

Wacha! Nilikusikia kabisa, kama tuko kwenye chumba cha giza na umesimama nyuma yangu mkono mfukoni: "Boke, shati haina mama wa kuililia. Nitafutie pale nywele zinaachana na paji la uso. Hapo ndipo mtu anaanzia." Nikamwomba Mama Akinyi leso, nikaziba dirisha, maana jua la ziwani lilikuwa linapiga kioo cha skrini. Nikapapasa vile vidude vya kuzungusha pale chini ya skrini. Mwanga nikaupandisha mpaka weusi wote ukawa moshi, kisha nikaushusha kidogo, na kidogo tena, macho yangu yakiwa kwenye nywele tu. Shati liliungua likawa jeupe tupu. Na liungue. Mstari ukatokea. Chini yake paji, lile kovu la kwenye nyusi, macho umeyakunja kwa hasira, mdomo wazi, mkono umeuinua. Mama Akinyi alishika meza kwa mikono miwili.

Ouma akakata simu, picha ikabaki. Nikasimamisha kamera yako na kuiweka mwendo wa polepole, maana ukiipiga skrini kwa haraka inatoka na ukanda mweusi. Nilipoinama kutazama, Akinyi akauliza kwa Kijaluo huyo mtu anasema nini. Nikadhani mama yake ataangua kilio. Badala yake akamweka kwenye kiti mbele ya skrini, akamjibu kwa Kiswahili chako cha studio, maneno uliyomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza: "Anasema, ngoja, bado."

Fundi, kidole kilikataa. Nilikasirika. Si na wewe, nilikasirika tu, kwamba wewe uliyewaambia watu wote wangoje hukungojewa na kifo hata umwone mtoto wako.

Lakini Akinyi alimtii baba yake. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akainua kidevu kama mteja wa Jumapili, akatulia. Nikavuta stendi nyuma mpaka nikawapata wote wawili, yeye kwa ubavu na wewe kwenye kioo. Nikasema "haya," nikabonyeza. Hakutikisika.

Picha niliisafisha mwenyewe Migori, kwenye chumba cha giza. Kwenye beseni nilitafuta nywele kwanza, zako, halafu zake. Mstari ni uleule, Fundi, hata ile kona ya kushoto.

Picha iko ukutani Sindo, na wenye kofia hawauliziwi tena. Nakuahidi hivi: kila mwaka nitampiga Akinyi, nikimtoa juani kwanza, na mikono yake ikiweza kushika kamera nitamwonyesha pale mtu anapoanzia. Na mimi nimejipiga, mbele ya maporomoko yako, ili nisije nikawasumbua watu.

Umesubiri vya kutosha kwenye giza. Sasa lala, Fundi, tumekuona.

Boke wako wa studio